Kanzu ya Idi Tatu

Watu wametabiri mengi juu ya mambo nisiyoyaweza. Walisema mtoto aliyelelewa na bibi muuza vitumbua hawezi kumaliza kidato cha nne, nikamaliza. Walisema stashahada ya majokofu na viyoyozi si ya watu wa Mtoni, nikaenda kuichukua, na leo iko ukutani kwangu ndani ya fremu ya kioo. Ukija sebuleni huwezi kukaa bila kuiona, nimehakikisha. Walisema nikienda Muscat nitarudi na begi la nguo kuukuu. Nimerudi na vyombo vya kazi, nikamalizia nyumba ya vigae kule Chamazi, na sasa nimeajiri vijana sita ambao wananiita bosi bila kulazimishwa. Ukiona najisifu, nivumilie, maana hakuna aliyenisaidia kuyafikia haya ila wachache nitakaokusimulia.

Lakini mtu wa kwanza kabisa kunitabiria kushindwa alikuwa msusi wa chumba cha mbele, nilipokuwa na miaka tisa. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Huyu? Hafiki adhuhuri." Jambo lenyewe lilikuwa kwenda sikukuu na kanzu nyeupe ya kuazima, na kuirudisha ikiwa nyeupe.

Nimeyakumbuka haya Idi iliyopita, nilipompeleka binti yangu kwenye uwanja wa michezo wa kisasa, huu wenye geti na utepe wa plastiki wa kufungwa mkononi. Walikuwa wamepamba kwa ajili ya sikukuu: miezi mwandamo ya taa kila mahali, watu waliovaa vichwa vikubwa vya wanasesere, ngoma, na bembea zinazonguruma kwa umeme. Mimi kwa kazi yangu nilikuwa nasikiliza mashine ya aiskrimu, ambayo kompresa yake haikuwa na siku nyingi. Hapo nikamwona mtoto mmoja amevaa kanzu nyeupe pepe, ametanua mikono mbali na mwili kama aliyebeba ndoo mbili zilizojaa. Kila mwenzake akikimbia, yeye anatembea. Nikamwambia binti yangu, "Yule kaazima." Binti yangu akaniuliza, "Baba, kuazima nguo ndiyo nini?"

Nilicheka. Nikaona kuna watu sijawataja kwa muda mrefu.

Tuliishi Mtoni, nyuma kidogo ya barabara ya Kilwa, katika nyumba ya vyumba sita iliyozunguka uwanja mmoja. Bibi yangu alitoka Njombe akiwa mtu mzima, na mpaka anafariki Kiswahili chake kilikuwa na baridi ya kule. Alipika vitumbua alfajiri, na harufu ya iliki ndiyo iliyoniamsha. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji ndoo mbili, kufagia uwanja, kisha kupeleka sinia la vitumbua kwa mama wa dukani. Huyu alikuwa mama wa Kiarabu ambaye familia yake ilikuwa na duka la kona tangu barabara haijawekwa lami. Alikuwa akichukua kitumbua kimoja kwa ncha za vidole, anakinusa, anasema, "Mwambie bibi yako mkono wake leo umekaa vizuri." Alisema hivyo hivyo kila siku, na kila siku Bibi alifurahi upya.

Idi haikuwa yetu kwa dini, sie tulikuwa watu wa kanisa. Lakini kwa watoto sikukuu haikuwa siku, ilikuwa mahali. Tulisema "twende sikukuu" tukimaanisha kiwanja kile cha Temeke ambako kuanzia Idi Mosi palisimikwa bembea, palijaa wauza miwani na wauza mihogo, na hapakulala mpaka Idi Tatu imekwisha. Na nguo za sikukuu zilikuwa na zamu. Idi Mosi walivaa wenyewe, kwenda kuswali na kupita nyumba kwa nyumba kuomba mkono wa Idi. Idi Pili walivaa tena kwenda kwa ndugu zao Magomeni na Mwananyamala. Ikifika Idi Tatu nguo zilikuwa zimefuliwa, zimepigwa pasi ya mkaa, na wenyewe wamezichoka. Hapo ndipo ilipofika zamu ya sie wengine. Hakuna mtu aliyeitangaza sheria hiyo, wala hakuna mzazi aliyeizungumza kwa sauti, lakini Mtoni nzima ilijua.

Mwaka uliotangulia nilikwenda na sare ya shule. Mzee mwenye bembea aliniuliza kama nimekuja kumtafuta mwalimu mkuu, na foleni nzima ikacheka. Nilirudi nyumbani bila kupanda kitu. Sikumwambia Bibi, ila alijua, na mwaka huu akaenda kuazima.

Usilione dogo. Bibi alikuwa mtu asiyeomba hata chumvi. Tukikosa chumvi tulikula bila chumvi, na akasema ndiyo afya. Lakini ile Ijumaa jioni alijifunga kanga yake ya kutokea, akaenda dukani, akarudi na kanzu ya mtoto wa dukani, aliyenizidi mwaka mmoja. Akagonga kwa mwalimu, mpangaji mwenzetu, mama wa Bukoba aliyefundisha darasa la tatu, akapewa viatu vyeusi vya mwanawe. Mwalimu alisema jambo moja tu: "Kesho kutwa Jumapili, mama. Mwanangu hana vingine vya kanisani."

Asubuhi Bibi alinivalisha kama anayefunga mzigo wa safari ndefu. Ndani nilivaa kaptula yangu, juu kanzu. Viatu vilinizidi, akavijaza magazeti mbele. Alikuwa akiniita mume wangu, kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu wao.

"Mume wangu," akasema, akinifunga kishikizo cha shingoni. "Nimeweka jina langu kwenye milango ya watu. Ukiharibu, si wewe utakayeonekana. Ni mimi."

Tukatoka uwanjani, na hapo ndipo msusi alipoacha kichwa alichokuwa akisuka.

"Huyu?" akasema. "Hafiki adhuhuri."

"Atafika," Bibi akamjibu.

"Atafika yeye. Kanzu je?"

Usimchukie. Nilikuja kujua baadaye kwamba aliwahi kumwazima shoga yake doti mpya ya kanga, ikarudi imekuwa nepi. Alinyanyuka, akaingia chumbani, nikadhani kachoka kunitazama. Akatoka na kofia ya mkono, ya kushonwa kwa sindano, nakshi za rangi ya dhahabu juu ya kitambaa cheupe.

"Mtoto havai kanzu kichwa wazi," akasema. "Anafanana na mgonjwa aliyetoroka wodini. Hii kashona mama yangu, Mungu amrehemu, miezi minne ameinamia. Nikiiona na tone moja la mafuta, we kijana, nakusuka hizo hizo nywele zako fupi."

Watu wote wakacheka isipokuwa mimi. Nikatoka getini nimebeba kichwani mama wa mtu, mwilini jina la Bibi, na miguuni Jumapili ya mtoto wa mwalimu.

Mtoto wa dukani alikuwa ananisubiri kona. Yeye alivaa suruali ya jinzi na miwani ya jua ya plastiki ambayo bado ilikuwa na kibandiko. "Mama kasema nikuangalie," akaniambia. Kisha akasahihisha: "Niiangalie kanzu yangu."

Ukumbuke kiwanja chenyewe. Spika moja ilikoroma taarabu upande huu, nyingine bongo fleva upande ule, na katikati ukisimama ulisikia wimbo wa tatu ambao haupo. Moshi wa mishikaki, mihogo iliyopasuliwa na kumwagiwa chachandu, kashata za karanga, juisi ya miwa yenye nyuki zake, puto, filimbi, na mama mmoja aliyeuza ubuyu mwekundu kwenye beseni, ule wa rangi kali unaobaki midomoni mpaka shule zifunguliwe. Kulikuwa na bembea ya farasi wa mbao kwa wadogo, na kulikuwa na bembea ya juu. Bembea ya juu ilikuwa gurudumu la mabomba ya chuma lenye visanduku vinne, halikuwa na mashine yoyote. Wanaume wawili vifua wazi walipanda vyuma vyake kama ngazi, kisha wakakivuta kisanduku chini kwa uzito wa miili yao, likazunguka. Bawaba zilipakwa grisi mpaka zikachuruzika. Leo, kwa elimu niliyo nayo, ningelikagua kwa dakika tano na ningekataa kumpandisha hata paka. Wakati ule niliona ndiyo kazi kubwa kuliko zote duniani.

Lakini sikuweza kuisogelea, maana nilikuwa na askari.

"Usikae," mtoto wa dukani aliniambia nilipoliona benchi.

"Nimechoka."

"Chuchumaa. Pindo libebe."

Nikanunua muhogo. Akautazama, akatikisa kichwa. "Chachandu itakudondokea. Nipe nikulie." Akala wote, kwa utaratibu, akinionyesha jinsi chachandu inavyodondoka. Nikapita karibu na juisi ya miwa, akanivuta. Watoto wakapita wakikimbia, akanisukumia ukutani niwapishe, kisha akanigeuza kuangalia kama ukuta una chokaa. Yeye mwenyewe alikuwa ananunua ubuyu kwa viganja. Vidole vyake vilikuwa vyekundu hadi katikati, na kila akitaka kunigusa alikumbuka, akanielekeza kwa kidevu.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Nilikuwa safi kuliko nilivyotoka nyumbani, na sijafanya kitu hata kimoja. Bibi alinipa hela ya kupanda mara mbili na ilikuwa bado imo mfukoni mwa kaptula. Nilijiona nimeshinda na nimenyimwa kwa wakati mmoja, na nikaona hapana, nitapanda. Grisi ilikuwa tatizo, kwa hiyo nikafikiria kama fundi, hata kama cheti kilikuwa bado miaka mingi mbele. Nikajificha nyuma ya meza ya mama wa ubuyu, nikavua kanzu, nikaigeuza ndani nje, nikaivaa hivyo. Grisi ikiingia, itaingia upande usioonekana. Nilijipongeza mwenyewe. Nikajipanga kwenye foleni.

Mzee mwenye bembea alikuwa na kikoi na filimbi shingoni. Aliponiona, filimbi ikamdondoka mdomoni.

"Nani kamgeuzia mtoto huyu kanzu?"

Watu wakageuka. Nikasema kitu pekee kilichonijia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. We mtoto, unatuombea mvua?"

Sikuelewa. Mtoto wa dukani, aliyekuwa amekuja mbio, alishika kichwa kwa ile mikono yake myekundu kisha akakumbuka na kuitoa. Ni yeye aliyenieleza, kwa kunong'ona, kwamba Waislamu wanapotoka kwenda kuswali kuomba mvua, ukame ukiwa umezidi, hugeuza nguo zao. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya sikukuu, siku yake ya mwisho, katika hali ya mtu anayemwambia Mungu ailete sasa hivi.

"Siku ya mwisho ya biashara," mzee aliendelea, akiwaambia watu wote. "Nina watoto wanane nyumbani, na huyu ananiombea mvua."

"Mwache, mzee," mmoja wa wale wanaume alisema kutoka juu ya vyuma. "Huyo mtoto wa kanisa, wa kwa mama vitumbua. Dua yake inapita njia nyingine."

"Mvua haiulizi imepita njia gani. Geuza hiyo, kijana."

Lakini foleni ilikuwa inasukuma, kisanduku kilikuwa mbele yetu, na kabla sijajua kama nitii au nipande nilikuwa nimeshapanda, mtoto wa dukani ubavuni kwangu, maana alikuwa ameambiwa asiiache kanzu.

Tukaenda juu. Jamani. Nimepanda ndege mara nyingi, nimekaa dirishani, na sijawahi kuona kama nilivyoona pale. Mabati yote ya Mtoni yalikuwa chini yangu, ya zamani yenye kutu na mapya yanayong'aa, misikiti miwili, winchi za bandarini kwa mbali zikiwa ndogo kama vibiriti. Nililitafuta paa letu, nikalipata kwa moshi wa jiko la Bibi. Nikataka kumwonyesha mwenzangu. Nilipogeuka, mwenzangu alikuwa hayupo pale. Palikuwa na mtoto mwingine, miwani imeteremka puani, macho yamefumbwa, na machozi yanatiririka mpaka kwenye kidevu.

"Mwambie asimamishe," akasema.

"Mwambie wewe. Una sauti."

"Sina."

Gurudumu likaanza kushuka upande wa pili kwa ule mshtuko wake, na akanikamata mgongoni kwa mkono mzima. Alinikamata kama mtu anavyokamata mlango wa nyumba yake. Hatukuachana mpaka raundi zote zikaisha, na mimi nilimshika goti, maana sikujua mahali pengine pa kumshika mtu aliyekuwa akinizidi kwa kila kitu.

Tulipoteremka, alijifuta uso kwa bega, akairudisha miwani.

"Usimwambie mtu."

"Nini?"

"Kwamba nimelia."

"Sisemi."

"Apa."

"Bibi hataki niape."

"Basi sema kweli."

"Kweli."

Mvua ilianza mara tu tulipofika kwenye meza ya mama wa ubuyu. Haikuanza kwa matone, ilimwagwa. Kutoka kwenye bembea nilimsikia yule mzee akisema, bila hasira, kama mtu aliyepokea barua aliyokuwa akiitegemea, "Si nilisema." Watu waliokimbilia vibandani walininyooshea vidole. "Ndiye huyo wa kanzu." Mtoto wa dukani alitazama kanzu yake, akatazama mbingu, akakimbia kwao.

Nami nilikuwa na muda mfupi kuliko wa kusimulia. Niliingia chini ya meza ya mama wa ubuyu, nikavua kila cha kuazima. "Mama, nisaidie mfuko." Hakuniuliza kitu. Alivuta mifuko miwili mipya ya rambo, ile ya plastiki, akaipuliza ikafunguka, akaniletea chini. Viatu vikaingia katika mmoja, bado na magazeti yake. Kanzu nikaikunja kama ilivyokuwa, kofia nikaiweka katikati yake, ikaingia katika mwingine. Nikafunga mafundo mawili mawili. Nikatoka kifua wazi, miguu peku, nimekumbatia mifuko, nikaenda nyumbani kwa miguu katika mvua ile yote, matope yakinifika magotini, na mwili wangu peke yake ndio uliolowa. Ule ulikuwa wangu, nilikuwa na haki ya kuulowesha.

Nilifika mvua imekatika. Walikuwa wamekaa barazani, msusi akimsuka mwalimu, Bibi akipepeta mchele wa kesho. Waliponiona nilivyo, ungo wa Bibi ulisimama hewani.

"Mie nilisema," msusi akasema.

"Ulisema adhuhuri," mwalimu akamrekebisha. "Sasa alasiri."

"Basi kazidisha."

Bibi hakuwasikiliza. Alikuwa anakitazama kifua changu kilicho wazi na uso wake ulikuwa umepungua. "Nguo za watu ziko wapi?"

Nikapiga magoti nikafungua mafundo. Kwanza kofia. Msusi aliipokea, akaizungusha kwenye mwanga, akatafuta lile tone. Akaigeuza, akaipeleka puani, akakaa nayo pale kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutafuta mafuta. "Kumbe," akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshindwa. Kisha viatu. Mwalimu alitia mkono ndani, akatoa gazeti, likiwa kavu kiasi kwamba alilisoma kidogo kabla ya kulitupa. "Vizuri sana," aliniambia, kama anavyowaambia darasani.

Bibi ndiye aliyechukua kanzu. Akaanza kuigeuza irudi upande wake, na mikono yake ikasimama. Mgongoni, kwa ndani, palikuwa na alama tano nyekundu za vidole.

"Nini hiki?"

"Ubuyu."

"Umekula?"

"Sijala."

"Basi wa nani?"

Nilimwangalia Bibi, ambaye sikuwahi kumficha kitu zaidi ya kicheko cha mwaka uliopita, na nikakumbuka kwamba nimesema kweli. Kumtaja mwenye vidole ilikuwa ni kutaja alikoviweka, na alikoviweka ilikuwa ni kutaja kilichomfanya aviweke. "Nilishikwa," nikasema. "Kwenye bembea."

Msusi alisogea, akaangalia. Alisema kwa upole, na ninaamini alikuwa upande wetu: "Mama, iko ndani. Geuza, kunja, peleka. Nani atachungulia?"

"Mimi nimeshachungulia," Bibi akasema.

Akanyanyuka, akajifunga ile kanga ya kutokea, akaniambia nitangulie.

Nimekwenda Mtoni mwaka huu, mara mbili. Nyumba ya vyumba sita imegawanywa kwa ukuta katikati ya uwanja, kila upande una geti lake na mbwa wake. Kiwanja cha Temeke kimejengwa bohari. Duka la kona sasa ni la kutuma fedha kwa simu, na kijana aliye ndani hainui macho. Mifuko ya rambo imepigwa marufuku, na ni sawa, ilikuwa inaziba mitaro. Nguo za watoto zimekuwa rahisi. Binti yangu ana magauni ambayo hajayavaa, nami ndiye niliyeyanunua, na ninajivunia hilo. Lakini sijui ni nani jirani yake anayeweza kugonga getini kwangu Ijumaa jioni na kuniambia, mpe mwanangu lile la njano, nitalirudisha kesho. Geti langu lina kamera. Nililifunga mwenyewe, kwa mikono yangu, na siku hiyo niliona nimefika.

Jioni ile ya Idi Tatu, mama wa dukani alikuwa anapima sukari. Mwanawe alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele akitafuna ubuyu, miwani bado usoni ingawa jua lilikuwa limeshakwenda.

"Shikamoo, mama," mama wa dukani alimwambia Bibi.

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta kanzu." Bibi aliitandaza juu ya kaunta, upande wa ndani ukiwa juu, kama anayeonyesha kitambaa cha kuuza. "Nje ni safi. Ndani ina dosari. Nimeona uione ukiwa na mimi."

Mama wa dukani aliweka chini kile kijiko cha sukari. Akaziinamia zile alama. Akaniuliza mimi, si Bibi, "Imekuwaje?"

"Nilishikwa, mama."

"Na nani?"

Nikatazama mizani. Upande mmoja ulikuwa na jiwe la kilo, upande wa pili sukari isiyotimia. Sikuwahi kutazama kitu kwa bidii kama ile. Kule kwenye gunia hakukuwa na mtu anayetafuna tena.

Akaweka mkono wake juu ya alama. Ulikuwa mkubwa. Akasema, "Lete wako." Nikauleta, ulikuwa mweupe wa mvua, umekunjamana, hauna rangi yoyote. Akaushika, akauachia. Kisha bila kugeuka akasema, "Na wewe njoo."

Mtoto wa dukani aliteremka. Alikuja taratibu, mikono nyuma. Mama yake aliuchukua ule wa kulia na kuuweka juu ya kanzu, na vidole vyote vitano vikaenda mahali pake.

Bibi aliangalia dari ya duka, maana alikuwa na adabu. Mimi nilirudi kwenye mizani.

"Ilikuwa juu sana," mtoto wa dukani akasema mwenyewe. Halafu, kwa sauti ndogo zaidi, "Yeye hakulia."

Mama yake alimvua miwani. Akamfuta macho kwa ncha ya mtandio, ingawa kwa wakati ule yalikuwa makavu. Akaikunja kanzu, akaiweka rafu ya chini, akamwambia Bibi, "Imerudi, mama. Kijana wako hadaiwi kitu hapa." Na kwangu akasema, "Idi ijayo usisubiri mpaka ya tatu."

Tukatoka. Bibi yangu alikuwa mtu wa kutembea pembeni ya njia, kanga imefunika kichwa, kama mgeni asiyetaka kumzibia mtu. Miaka yote niliyoishi naye nilimjua hivyo. Jioni ile alinishika mkono, kifua changu wazi na kaptula bado imelowa, akapita katikati ya njia, tope na yote, mpaka nyumbani.